Ufagio wa Fundi

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, Fundi alifagia.

Alianzia mlangoni. Akaenda ubavuni mwa nyumba, penye karo la kufulia. Akamalizia nyuma, kwenye kipande cha ardhi kilichokuwa bustani ya mkewe. Alifagia kwa ufagio wa njiti, ameinama, mkono mmoja mgongoni. Alipomaliza, ardhi yote ilikuwa na mistari ya ufagio, imenyooka kama mshono. Hapakubaki jani wala unyasi. Majani makavu aliyakusanya kwenye kona, akayawasha moto. Moshi ulipomzidi, alinawa mikono na kwenda kumwamsha binti yake, ambaye mara nyingi aliamka akikohoa.

Alikuwa fundi cherehani, na watu wote walimwita Fundi tu. Sasa fundi cherehani, jamani, hawezi kuona uzi unaning'inia akaupita. Usafi kwake ulikuwa heshima. Mkewe alipofariki, miezi minane iliyopita, kwa homa iliyomchukua kwa siku nne, watu walijaa uwanjani kumpa pole. Walipoondoka, Fundi aliitazama bustani. Majani makavu yalikuwa yamelala kila mahali. Akajiambia, "Hapa palikuwa mahali pake. Siwezi kupaacha pawe jalala." Akashika ufagio. Tangu siku hiyo hakukosa hata asubuhi moja.

Mboga zilikauka moja baada ya nyingine. Fundi alizing'oa, akafagia pale zilipokuwa. Alidhani zimemfuata aliyezipanda.

Binti yao alikuwa na miaka minane. Walimwita Kibibi, kwa sababu alizungumza kama mtu mzima na alimkosoa kila mtu. Fundi alijua kupika vitu viwili, wali na chai. Mchana walikula wali. Jioni walikula wali uliobaki, na kikombe cha chai pembeni.

"Baba, leo tena?" Kibibi aliuliza siku moja, mkono kiunoni.

"Leo tena, bibi yangu. Kesho nitatafuta kitu kingine."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita. Na ile nyingine."

"Una kumbukumbu mbaya wewe."

"Ningekuwa na kumbukumbu mbaya, ningesahau."

Wakacheka wote wawili. Lakini miezi ilivyokwenda, Kibibi aliacha kuuliza. Alikula kidogo, akalala mapema. Alipotumwa dukani alipumzika njiani. Fundi alidhani ni majonzi tu. Nani asiye na majonzi akifiwa na mama? Hakugundua kwamba mtoto ameacha hata kumkosoa.

Siku moja mwalimu alimleta Kibibi nyumbani kwa miguu, amemshika bega.

"Ameanguka mstarini," mwalimu alisema. "Si mara ya kwanza kuishiwa nguvu. Mpeleke kliniki leo, Fundi. Usingoje kesho."

Fundi aliliacha shati la watu kwenye cherehani, mkono mmoja umeshonwa, mmoja bado. Akambeba mtoto mgongoni. Njiani aliharakisha hatua, maana alimwona mwepesi mno.

Kliniki, muuguzi alimvuta Kibibi ngozi ya chini ya jicho.

"Baba, tazama hapa," alisema. "Panatakiwa pawe pekundu. Pamekuwa peupe."

Akamchoma kidole kwa sindano ndogo, akachukua tone la damu, akalipima. Alipoona jibu, alivuta kiti akaketi.

"Damu yake ni pungufu sana. Nyumbani anakula nini?"

"Wali," alisema Fundi.

"Na nini?"

"Na chai."

"Na nini tena?"

Fundi alitazama viatu vyake. Jasho lilimtoka kama mtu aliyeshikwa na kosa.

Muuguzi hakumgombeza. Alizungumza polepole. "Damu inatengenezwa na chakula. Ndani yake kuna madini ya chuma."

"Chuma? Chuma kama cha mkasi wangu?"

"Ndicho hicho, ila ni kidogo sana, huwezi kukiona. Kimo kwenye mboga za majani mabichi. Kimo kwenye maharage, kwenye nyama na kwenye samaki. Mtoto asipokipata, anachoka, anaumwa kichwa, hawezi kusoma. Nitakupa dawa ya kuongeza damu. Mpe kila siku, usiruke. Nitampa na dawa ya minyoo, maana minyoo ya tumboni nayo inakula damu. Lakini dawa zikiisha na sahani ikabaki ile ile, tutakutana tena hapa hapa."

"Na chai?"

"Chai asinywe pamoja na chakula. Inauzuia mwili kuchukua hicho chuma. Anywe zikipita saa mbili. Akila mboga, mkamulie limau, au mpatie tunda. Hilo linasaidia. Mrudishe baada ya mwezi nimpime tena."

Fundi alishukuru. Alitoka na vidonge mfukoni na mtoto mgongoni, na aibu nzito kuliko vyote viwili.

Habari zilimfikia Mama Mdogo, mdogo wa marehemu. Alikaa upande wa pili wa mji. Alikuja Jumamosi, akamkumbatia Kibibi, akamshika mikono, akaitazama sana. Kisha akamwambia akapumzike chumbani. Akaingia jikoni na kufunua sufuria. Wali. Akafunika.

"Shemeji," alisema, "nisikilize bila kukasirika."

"Sema tu, shemeji."

"Dada yangu ameacha mtoto mmoja. Nikae nimtazame akiisha hivi hivi? Shule zikifungwa, baada ya miezi mitatu, nitakuja na begi. Nitamchukua akae kwangu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka utakapojua kumlisha." Mama Mdogo alijifuta macho kwa kiganja. "Hata mimi sipendi. Najua unampenda. Lakini kumpenda na kumlisha ni mambo mawili."

Fundi alijua maneno hayo ni ya kweli. Mama Mdogo alipoondoka, pazia la chumbani lilisogea. Kibibi alikuwa amesikia yote.

"Baba," alisema, "mimi nikienda, wewe utabaki na nani?"

"Huendi popote," alisema Fundi.

Lakini hakujua atamzuiaje.

Jumatatu alinunua pakiti ya mbegu za mchicha. Katika maisha yake hakuwahi kupanda kitu. Mkewe ndiye aliyejua. Basi Fundi alifanya kwa njia aliyoijua, akapanda kama anayeshona. Alichukua utepe wake wa kupimia. Akachora mistari kwa chaki, umbali sawa, imenyooka. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu, hivyo akatoboa mashimo kwa mkasi wa zamani, kina cha kidole kizima. Akatia mbegu, akafukia, akashindilia kwa kiatu. Saa sita mchana, alipopumzika kazi ya cherehani, alikuja na ndoo akamwaga maji. Maji yakakimbilia ukutani. Akaongeza ndoo nyingine.

Na kila asubuhi, kama kawaida yake, alifagia kati ya mistari.

Siku ya nane aliona vijani viwili vitatu vyekundu vimechungulia pembeni. Akainama. Akaona vimetoka nje ya mstari. "Magugu haya," alisema, akainua ufagio.

"Fundi! Weka huo ufagio chini!"

Fundi aliruka. Jirani yake alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio, mikono kichwani. Walimwita Mama Mapacha, kwa sababu alikuwa na mapacha wa kike, wote wameshaolewa. Alifanya kazi kwenye kitalu cha miche, na kucha zake hazikuwahi kuisha udongo.

"Kuna nini, dada?"

"Kuna nini? Unafagia mboga zako mwenyewe! Huo ndio mchicha wako, huo unaotaka kuung'oa! Nimevumilia miezi minane, leo nimeshindwa. Ngoja nakuja."

Alizunguka, akaingia na vikombe viwili vya maji. Kimoja alikimwaga pale pale kwenye ardhi iliyofagiliwa. Maji yalisimama, yakang'aa, kisha yakateleza kuelekea ukutani. Chini pakabaki pakavu.

"Umeona? Sasa njoo huku."

Alipenyeza mkono chini ya uzio, kwenye bustani yake. Akasogeza majani makavu yaliyofunika ardhi. Akamwaga kikombe cha pili. Maji yakazama papo hapo, kimya, kama yaliyomezwa.

Fundi alipigwa na butwaa. "Kwani udongo si ule ule?"

"Ule ule. Uzio tu ndio unaotutenganisha. Wangu nimeuvika nguo, wako uko uchi. Kila siku jua linaupiga, unakauka, unakuwa sakafu. Mvua ikija, ule wa juu wenye rutuba unasombwa. Unaobaki unauchukua wewe na ufagio wako."

"Lakini majani makavu ni uchafu, dada."

"Ni chakula. Mle ardhini kuna wadudu wadogo na minyoo. Wanakula hayo majani, wanayageuza mboji, udongo mweusi. Wanatoboa vinjia, maji yanapita, mizizi inapita. Wewe kila asubuhi unawanyang'anya chakula chao na kukichoma moto."

"Minyoo? Muuguzi amesema minyoo ni mibaya."

"Ile ya tumboni. Hii ya ardhini ni vibarua wa bure."

Fundi alitabasamu kidogo, kisha uso ukarudi kuwa mzito. "Miezi minane unaniona. Mbona hukuniambia?"

Mama Mapacha alishusha macho. "Ulikuwa umefiwa. Nilikuona unafagia huku machozi yanakutoka. Nikasema, mwacheni baba wa watu, labda ndiyo dawa yake. Nilikosea. Ningesema." Akazungusha kikombe kitupu mkononi. "Tena nilidhani unajua. Mama Kibibi alikuwa anaomba majani nyumba kwa nyumba. Anarudi na gunia kichwani. Hukumwona?"

Alimwona. Hayo ndiyo hasa aliyokuwa akiyakumbuka Fundi wakati ule. Miaka tisa alimwona mkewe akirudi na gunia. Miaka tisa alimwambia, "Unaniaibisha. Mke wa fundi anaokota takataka za watu." Mkewe alikuwa akicheka. "Wewe kula tu," alimjibu. Hata siku moja hakuuliza kwa nini mboga zao hazikauki kiangazi. Na kulikuwa na ile siku nyingine. Mkewe alikuwa amelimbikiza majani mwezi mzima, nyuma ya karo. Wageni walikuwa wanakuja. Fundi aliyachoma yote. Mkewe hakusema neno kutwa nzima, na Fundi alimwona ana kisirani.

Fundi alikaa chini, pale pale ardhini, na suruali yake ya kazini. Akalia waziwazi, bila kujificha.

"Nimeiua bustani yake," alisema. "Nilidhani naitunza. Kumbe nimeiua kwa mikono yangu."

Mama Mapacha alimwacha alie. Kisha akachuchumaa mbele yake.

"Haijafa, Fundi. Ina njaa. Udongo ukiulisha, unarudi. Nimeona udongo mbaya kuliko huu. Nimekuona na wewe pia, mkono wako ni mtulivu, unajua kungoja mshono uishe. Kazi hii inataka mtu wa hivyo. Inuka. Tuna miezi mitatu, au si hivyo?"

"Nani amekuambia?"

"Kibibi. Kuna jambo ambalo Kibibi hasemi?"

Walianza jioni hiyo. Waliinywesha ardhi maji kwanza, ikalala ikilainika. Kesho yake Fundi alilima kwa jembe. Mikono yake ya sindano ilitoka malengelenge, lakini alijikaza. Mama Mapacha alisimama pembeni akielekeza.

"Tengeneza matuta mawili. Upana uwe hivi, ili mkono wako ufike katikati bila kukanyaga. Ukikanyaga, unashindilia upya. Njia ya kupita iwe katikati."

"Na samadi hii ya ng'ombe?"

"Nuse. Ikinuka kali, bado mbichi, itaunguza miche. Ikinuka udongo, imeoza vizuri, ichanganye. Na ukimaliza kushika samadi, sabuni mpaka kwenye viwiko, kabla hujagusa chakula cha mtoto."

Ilipofika zamu ya mbegu, Mama Mapacha alimwomba Fundi pini moja. Akaweka mbegu ya mchicha karibu na kichwa cha pini.

"Kipi kikubwa?"

"Kichwa cha pini."

"Sasa mbegu ndogo kuliko kichwa cha pini, wewe umeizika kidole kizima! Itafia njiani kabla haijaliona jua. Changanya mbegu na mchanga mkavu, zisimwagike rundo. Nyunyiza kwenye mfereji mwembamba. Funika kwa udongo laini kidogo, kama unavyonyunyiza chumvi. Basi."

Walifunika tuta kwa nyasi kavu chache. Miche ikichomoza, nyasi zinatolewa juu yake, na majani makavu yanawekwa kati ya mistari. Fundi alitoboa kopo matundu madogo ili maji yatoke kama manyunyu. Mama Mapacha alimwambia amwagilie asubuhi na jioni, jua likiwa dogo, maana maji ya mchana mengi yanapotea hewani.

"Na nyoka?" Fundi aliuliza. "Watu wanafagia kwa sababu ya nyoka."

"Ni kweli. Ndiyo maana mlangoni na karibu na kuta unafagia. Makopo na vifuu vyenye maji unaondoa, visizalishe mbu. Ufagio sijakunyang'anya, Fundi. Nimekuonyesha tu mahali pa kuishia."

Yalibaki majani. Ya kwake yote alishayachoma. Ilimbidi aende kuomba.

Hili ndilo lililomwia zito kuliko jembe. Alisimama mbele ya kibanda cha kinyozi na gunia tupu mkononi, kama alivyosimama mkewe. Kinyozi alikuwa amemaliza kufagia chini ya mti wake, ameshika kiberiti.

"Usichome," Fundi alisema. "Naomba hayo majani."

Kinyozi alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Wewe? Uliyenigombeza kwa ganda moja la ndizi? Unaumwa?"

"Nimepona, nadhani. Nipe majani. Mifuko ya plastiki na vipande vya chupa uvitoe."

"Na nywele za wateja je?"

"Hizo baki nazo."

Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alimjazia gunia. Alipomkabidhi, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mama Kibibi naye alikuwa akija hapa," alisema taratibu. "Alikuwa mtu wa watu."

"Najua sasa," alisema Fundi.

Baada ya wiki mbili mtaa mzima ulikuwa ukimwita Baba Majani. Watoto walimwita hivyo kwa mbali, wakakimbia. Wakubwa walimwita mbele yake, wakamletea magunia. Sehemu aliifunikia matuta. Iliyozidi aliirundika kivulini, mbali na ukuta, pamoja na maganda ya jikoni na samadi kidogo. Aliinyunyizia maji na kuigeuza kila baada ya wiki mbili, ili ioze iwe mboji ya msimu ujao. Moshi uliisha uwanjani. Kibibi naye akaacha kukohoa asubuhi.

Mchicha uliota siku ya sita. Safari hii Fundi aliujua. Alimwita Kibibi, wakachuchumaa wote wawili. Miche ilipojaa mno, aliipunguza, iliyobaki ikapata nafasi. Pembeni walipanda kunde, ambazo majani yake huliwa na mbegu zake pia. Wakapanda na maboga mawili.

Wiki ya nne walichuma mara ya kwanza. Mama Mapacha alimfundisha kuosha mboga kabla ya kuzikata, na kuzipika kwa muda mfupi, zisichemke mpaka zikapoteza rangi. Siku hiyo walipika na maharage. Fundi alikamulia limau. Chai ilibaki kwenye birika, mbali.

Kibibi alionja. Akatafuna. Akaweka kijiko chini, akamtazama baba yake.

"Umesahau chumvi," alisema.

Fundi aligeukia ukuta kama mtu anayetafuta kitu. Miezi mingapi hakuwa amekosolewa! Alijifuta macho kwa mkono wa shati, akaleta chumvi.

"Kidogo tu," Kibibi alisema. "Usinimwagie yote."

Kliniki, mwezi wa kwanza, muuguzi alipima akasema damu imeanza kupanda. Mwezi wa pili akasema imepanda zaidi. "Endelea na dawa mpaka nitakapokuambia acha. Dawa peke yake isingetosha, na mboga peke yake zisingetosha. Umefanya vyote." Akamvuta tena Kibibi ngozi ya chini ya jicho. Sasa palikuwa pekundu.

Shule zikafungwa. Mama Mdogo alituma ujumbe kwamba anakuja Jumamosi.

Asubuhi hiyo Fundi aliamka kabla ya jogoo. Alifagia mlangoni. Akafagia penye karo. Akafika nyuma, akasimama. Matuta yalikuwa ya kijani, lakini kati yake majani makavu yametapakaa. Aliyaona kwa macho ya mgeni. Vipi Mama Mdogo akiona jalala tu, akamchukua mtoto? Mikono ilimwasha. Angefagia mara moja tu, leo tu, kisha ayarudishe.

"Baba." Kibibi alikuwa mlangoni, amejifunga kanga. "Hapo usifagie."

"Sifagii. Natazama."

"Unatazama na ufagio?"

Fundi aliuangalia ufagio mkononi. Akauegemeza ukutani.

Mama Mdogo alifika saa nne, begi tupu la bluu limekunjwa kwapani. Alimkuta Kibibi anaruka kamba na mtoto wa jirani. Akasimama njiani akimtazama. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, Fundi akimfuata.

"Shemeji," alisema, "mbona huku hujafagia?"

"Sijafagia," alisema Fundi, "na sitafagia."

Alipiga magoti, akainua kiganja cha majani makavu. Chini udongo ulikuwa mweusi, una unyevu. Mnyoo mmoja ulijivuta kutafuta giza.

"Dada yako alikuwa anafanya hivi," alisema. "Nilimgombeza miaka tisa. Siku moja nilimchomea majani ya mwezi mzima kwa sababu ya wageni. Sikumwomba msamaha, maana sikujua kama nimekosa. Sasa nimejua, na nikimwomba, nani atanijibu?"

Mama Mdogo aliketi kwenye ukingo wa karo. Begi lilimteleza likaanguka.

"Ile siku aliniambia," alisema.

"Alisemaje?"

"Alikuwa na hasira. Kisha akacheka, unamjua. Akasema, 'Ni mume mzuri. Ila macho yake yanataka kila kitu kiwe kama shati jipya. Siku moja ataelewa.'"

Fundi aliinamisha kichwa. Kila mtu akafuta machozi yake. Ni Kibibi aliyewakuta hivyo, kamba mkononi, anahema kwa kuruka. Aliliona begi chini. Akasimama.

"Mama Mdogo," alisema, "begi hilo ni la nini?"

Mama Mdogo alilitazama begi. Akamtazama mtoto, mashavu yake, miguu yake yenye vumbi la mchezo. Akaitazama bustani.

"La mboga," alisema.

Walilijaza pamoja, mchicha chini, majani ya kunde juu. Kibibi alisimamia. "Usibane, Mama Mdogo, utaziponda." Mama Mdogo aliondoka jioni na begi begani. Fundi alimsindikiza mpaka kituoni.

Jumamosi iliyofuata mtu alipiga hodi mapema. Kibibi alifungua. Mama Mdogo alikuwa mlangoni, na begi lile lile la bluu, limevimba mpaka zipu imegoma. Kibibi alirudi nyuma hatua moja, akaushika mkono wa baba yake.

"Usiogope," Mama Mdogo alisema. "Nimefagia kwangu."

Akafungua begi. Lilikuwa limejaa majani makavu. Fundi akalipokea kwa mikono miwili.